Risiva ya GPS kwa rauta ya gari: kidude cha USB, rauta yenye GPS ndani, ama simu ya zamani?

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wadau habari za jioni. Nataka kuweka GPS kwa rauta ili nipate kuona mahali iko kwa ramani. Nimeonyeshwa vitu vitatu: kidude kidogo cha USB kinachofanana na flashi kinaitwa VK-172, halafu kuna BU-353S4 yenye waya na sumaku chini, halafu fundi mwingine ananiambia niachane na hizo ninunue rauta ambayo GPS iko ndani yake tayari. Ipi nzuri? Jumamosi nashuka tao kununua. Asanteni.

FundiKibuye · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Rauta gani? Iko na porti ya USB? Inatumia programu ya kiwandani ama OpenWrt, ile programu huria ya rauta? Iko kwa nyumba ama kwa gari? Na kubwa kuliko yote, unataka mahali ama unataka saa sahihi? Kuna watu wanaweka GPS kwa rauta juu ya saa tu, mahali hawana haja napo. Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu hapa atakuuzia kile anachopenda yeye.

Section58_Mtandao · Jumatatu, saa 2:40 usiku

MikroTik LtAP mini. GPS iko ndani, nafasi mbili za laini, boksi lake limefungwa halishiki vumbi, imetengenezewa magari. Unaongeza pakeji ya gps, unaweka baud (kasi ya mazungumzo) ya serial0 iwe 115200, unaandika /system gps set enabled=yes set-system-time=yes na mahali na saa vyote umepata kwa mpigo mmoja. Niko nayo Nakuru mwaka wa pili. Hayo mambo ya vidude vya kuchomekachomeka kwa barabara zetu ni kujitafutia kazi ya kila wiki.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 2:58 usiku

Poleni nilisahau kusema. Ni gari ya abiria, shuttle yetu ya Kisumu–Busia, watu 14. Ndani tumeweka waifai ya abiria. Rauta ni GL.iNet ile ya njano, Mango, na modemu ya USB yenye laini. Iko chini ya kiti cha dereva. Tunataka ofisini tuone gari imefika wapi, juu abiria wa Luanda na Yala wanapiga simu kila dakika kuuliza gari iko wapi na makarani wanaambia kila mtu "imekaribia". Bajeti si kubwa. Gari ni tatu.

FundiKibuye · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Sasa tunaongea. Mango iko na flashi ya MB 16 na RAM ya MB 128, hiyo inatosha kabisa. Zile rauta ndogo za zamani za flashi ya MB 4 ndizo haziwezi, hata OpenWrt yenyewe iliziacha baada ya toleo la 19.07. Shida yako ni kwamba Mango iko na porti moja tu ya USB na umeshaijaza na modemu. Utahitaji kigawanyio cha USB, na tafadhali usichukue kile cha bei ya chini kisichoingiziwa umeme wake chenyewe. Modemu ikifika mahali mtandao ni hafifu inaongeza nguvu kuutafuta, inavuta umeme kwa mpigo, na kama umeme wote unapitia rauta basi vyote vinazima pamoja, rauta, modemu na GPS, halafu unaanza kulaumu GPS ambayo haili umeme wowote wa maana.

Kuweka kwenyewe si kazi, gpsd ndiyo programu inayosoma risiva:

opkg update
opkg install kmod-usb-acm gpsd gpsd-clients

Chomeka VK-172, andika dmesg, utaona imetokea kama ttyACM0. Ingia /etc/config/gpsd, weka enabled iwe 1 na device iwe /dev/ttyACM0, washa huduma, andika cgps -s na uangalie.

BU-353S4 ni risiva nzuri sina ubishi, lakini ndani yake kuna chipu ya Prolific kwa hivyo inataka kmod-usb-serial-pl2303 na inatokea kama ttyUSB. Sasa modemu nyingi nazo zinatokea kama ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2. Majina yatagongana. Leo GPS ni ttyUSB0, kesho gari ikiwashwa modemu imewahi na GPS imekuwa ttyUSB3, na gpsd inangojea setilaiti kutoka kwa modemu. Tena inaongea kwa baud 4800 na hizi VK za chipu ya u-blox kawaida ni 9600, ukichanganya utaona herufi za ajabu ajabu tu. Kwa gari yako ningechukua ya u-blox. Na si ile fupi ya VK-172, chukua ndugu yake VK-162, ni kitu kile kile lakini iko na waya wa kama mita mbili na sumaku, kichwa chake unakipeleka kwa dashibodi na rauta inabaki chini ya kiti.

Bukhungu_Kakamega · Jumatatu, saa 3:44 usiku

Mimi nitasimama na Teltonika RUT955. Inakubali umeme wa volti 9 hadi 30 moja kwa moja kutoka kwa gari, iko na laini mbili, GPS yake ina mahali pa antena ya nje, na inajitumia yenyewe zile sentensi za NMEA (mistari ya mahali na saa ambayo risiva hutoa) hadi kwa seva yako bila kuandika skripti. Ndani ni OpenWrt iliyovalishwa nguo nyingine, kwa hivyo FundiKibuye hata wewe utajisikia nyumbani. Bei najua iko juu. Lakini hesabu rauta + modemu + kigawanyio + kipunguza volti + GPS + fundi wa kurudi kila mara waya ikichomoka.

FundiKibuye · Jumatatu, saa 3:50 usiku

Ndugu, amesema bajeti si kubwa na gari ni tatu. RUT955 tatu ni pesa ya kurekebisha injini.

Dada_wa_Shinyalu · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Kwani simu ya zamani imefanya nini? Kila mtu ako na simu ya Android iliyopasuka kioo kwa droo. Nyingi zinashika mifumo ya setilaiti zaidi ya mmoja pamoja, GPS na GLONASS ya Urusi, na zingine hata Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, wakati hizo VK za chipu ya u-blox 7 zinachagua moja, GPS ama GLONASS, hazifanyi zote mbili kwa wakati mmoja. Kuna programu za simu zinatuma NMEA kupitia waifai, na gpsd inakubali kusikiliza udp:// kama vile inasikiliza waya. Hapo hata kigawanyio huhitaji. Tulifanya hivyo kwa pikapu ya maziwa na tukaona vizuri tu.

Section58_Mtandao · Jumatatu, saa 4:12 usiku

Dada, simu kwa dashibodi ya gari inayoshinda juani Busia? Betri itafura mwezi wa pili. Na Android yenyewe inazima programu zinazokaa nyuma kuokoa umeme, kila wiki utakuwa unaenda kuifufua.

Dada_wa_Shinyalu · Jumatatu, saa 4:20 usiku

Yetu iko ndani ya kasha la kuhifadhia vitu mbele ya abiria, haioni jua. Imefanya kazi miezi minane. Betri haijafura.

Lanet_Vocha · Jumanne, saa 12:35 asubuhi

Naona mnajadili mahali na mmesahau saa. Wacha niwaambie kilichonipata, juu nisingependa mwingine apitie.

Niko na hotspoti Lanet, naunganisha plot nne na vibanda kadhaa, watu wananunua vocha za saa moja, za siku, za wiki. Kwangu stima hupotea mara nyingi. Hizi rauta zetu nyingi hazina ile betri ndogo ya saa kama iliyo ndani ya kompyuta, kwa hivyo stima ikirudi rauta haijui leo ni lini. OpenWrt inakisia kwa kuangalia faili iliyobadilishwa mwisho ndani ya /etc, halafu inangoja intaneti iiambie ukweli. Sasa vocha za saa moja zilikuwa zinanisumbua, mtu analipa stima inapotea inarudi, saa imerudi nyuma, anakula saa mbili. Nikasema niweke GPS, setilaiti zina saa ya atomiki, haingoji intaneti. Nikanunua risiva ya mtumba ya zamani, sitaja ya kampuni gani, nikaiweka dirishani, nikaweka pakeji ndogo inaitwa ugps na adjust_time ikiwa 1, yaani rauta ichukue saa ya GPS bila kuuliza swali.

Siku mbili za kwanza kila stima ikirudi rauta iliwahi kupata saa kwa intaneti, nikaona mambo sawa. Jumamosi Agosti 10, 2024, stima ilipotea usiku na ikarudi alfajiri lakini intaneti ikachelewa. Kufika saa mbili asubuhi simu zinalia. Watu wanaona waifai, wanaunganishwa, lakini ukurasa wa kulipia haufunguki, na walio na vocha za wiki wanaambiwa hazijaanza. Nikabadilisha laini ya modemu. Nikabadilisha modemu. Nikapigia watoa huduma wangu nikawagombeza, na kusema kweli nilikosea, wao hawakuwa na kosa. Nikapanda juu ya paa nikageuza antena. Nikarudishia wateja pesa za vocha za wiki kwa sababu niliona aibu. Jumapili jioni kijana wa jirani anayesoma chuo akaniuliza swali moja, "umeangalia date?" Nikaingia nikaandika date.

Rauta ikanijibu ni tarehe 26 Desemba 2004.

Kumbe mfumo wa GPS unahesabu wiki, na ile hesabu ya asili iko na nafasi ya wiki 1024 pekee, ikijaa inarudi sifuri. Iligeuka Agosti 1999 na ikageuka tena Aprili 6, 2019. Risiva ya zamani ambayo programu yake haijui imegeuka mara ngapi inahesabu kutoka pale ilipozaliwa, na siku yake ikifika inarudi nyuma wiki 1024 kamili, miaka 19 na miezi saba na ushee. Yangu siku yake ilikuwa imepita kabla niinunue. Kibaya ni kwamba Jumamosi inabaki Jumamosi na dakika zinabaki sawa kabisa, kwa hivyo ukiangalia saa tu bila mwaka unaona iko sahihi. Na cheti cha usalama cha tovuti yoyote, rauta ikiamini ni 2004, inasema cheti hiki hakijaanza kutumika, inakikataa. Ndiyo maana malipo yalikuwa yanagoma.

Kwa hivyo WaMamboleo, risiva ya mtumba uangalie mwaka kwanza kabla ya kutoa pesa. Na usiache GPS iwe msemaji wa pekee wa saa, weka na seva za NTP za intaneti (zile za kuulizia saa) zimshuhudie.

FundiKibuye · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Pole sana Lanet. Hii ya kurudisha pesa imeniuma. Niongezee tu kwamba ukitumia ntpd, ile programu ya kulinganisha saa, badala ya ugps, ikishaamka haikubali kurukishwa zaidi ya sekunde 1000, inajizima kuliko kukubali uongo. Lakini wengi huiwasha na -g, na hiyo -g inairuhusu ruko moja kubwa pale mwanzo, kwa hivyo ingekunasa tu. Mbili, usiweke gpsd na ugps pamoja. Programu mbili zikisoma waya mmoja kila moja inapata nusu ya sentensi, utaona mahali panaruka na hutajua kwa nini.

Bukhungu_Kakamega · Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Na saa ya USB si ile ya kujivunia. Sentensi ya NMEA inafika imechelewa, sehemu ya kumi ya sekunde ama zaidi, na inachezacheza. Anayetaka saa ya kweli kweli anatafuta risiva yenye waya wa PPS, ule mpigo wa kila sekunde. Kwa vocha na VPN (ile njia ya siri ya kutuma data kupitia intaneti) hii ya USB inatosha.

Lanet_Vocha · Jumanne, saa 1:44 asubuhi

Kwa vocha yatosha kabisa, nimebadilisha risiva na haijanisumbua tena.

Section58_Mtandao · Jumanne, saa 3:02 asubuhi

Umetaja VPN. WaMamboleo data itafika ofisini vipi? Kama ni VPN ya WireGuard jua inabeba saa ndani ya salamu yake ya kwanza, na seva ikiona salamu yenye saa ya nyuma kuliko ile ya mwisho inaikataa, inadhani ni mtu anarudia maneno ya zamani. Gari ikizimwa Busia na kuwashwa, saa ikiwa imerudi nyuma, VPN itakaa kimya. Hapo saa ya GPS inakusaidia kweli.

Halafu ile kitu ya listen_globally ndani ya gpsd, iache kwa 0. Ukiiweka 1 bila kufunga, abiria yeyote aliye kwa waifai yako anaweza kuunganisha kwa porti 2947 na kusoma gari iko wapi.

Dada_wa_Shinyalu · Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Abiria ako ndani ya gari. Anajua gari iko wapi.

Section58_Mtandao · Jumanne, saa 3:21 asubuhi

Simu yake inajua. Na mtu mwingine anayeongoza hiyo simu yake kwa mbali anajua pia. Gari inabeba pesa za siku nzima jioni.

Bukhungu_Kakamega · Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Na dereva umemwambia? Tuko na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Rekodi ya kila mahali dereva amesimama kutwa nzima, na unajua ni dereva gani, hiyo ni data ya mtu. Mwambie, aandike sahihi, na rekodi usizikae nazo milele.

WaMamboleo_Shuttle · Jumanne, saa 6:50 mchana

Dereva nitamwambia, ni jamaa yangu hatakataa. Lakini naomba turudi kwa swali, nichukue ipi?

Dereva_Ugunja · Jumanne, saa 7:30 mchana

Mimi ni dereva, si fundi. Mwambie hata kama ni jamaa yako, na mwambie kabla hujaweka si baada. Sisi tayari tuko na kidhibiti mwendo cha 80, karani anapiga simu, mwenye gari anapiga simu, trafiki yuko barabarani. GPS siikatai. Ilinisaidia siku moja niliposingiziwa kwamba niliacha abiria Bumala, rekodi ikaonyesha nilisimama dakika sita. Lakini hiyo rekodi nilipewa juu niliiomba na mwenye gari alikuwa muungwana. Mkiweka, dereva naye aione.

FundiKibuye · Jumanne, saa 8:05 mchana

Hilo neno ni zito, WaMamboleo usilipite.

WaMamboleo_Shuttle · Jumapili, saa 11:20 jioni

Wadau nimerudi. VK-162 sikuipata, nimechukua VK-172 na waya wa kurefusha USB. Nimeweka kama FundiKibuye alivyosema. Inaonekana ttyACM0 lakini haishiki. Nikiandika cat /dev/ttyACM0 inaleta hii tu, hata baada ya dakika arobaini:

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53
$GPGGA,,,,,,0,00,99.99,,,,,,*48

Imeharibika? Nirudishe?

FundiKibuye · Jumapili, saa 11:34 jioni

Usirudishe. Iko hai, inaongea. Hiyo V maana yake ni bado haijapata mahali, ikipata inageuka A. Hiyo 00 ni idadi ya setilaiti inazotumia, yaani sifuri. Inataka angalau nne. Umeiweka wapi?

WaMamboleo_Shuttle · Jumapili, saa 11:36 jioni

Chini ya kiti, pamoja na rauta. Waya wa kurefusha niliona ni mfupi.

FundiKibuye · Jumapili, saa 11:41 jioni

Omera, setilaiti ziko kilomita elfu 20 juu na ishara yake ikifika hapa ni dhaifu kuliko kelele za redio zinazoizunguka. Paa la gari ni bati. Chini ya kiti kuna chuma juu, abiria juu, modemu pembeni. Itoe hadi kioo cha mbele, iangalie juu, gari isimame mahali pa wazi, uipe dakika moja ama mbili. Na usiibandike karibu na kitu cha USB 3, hizo hutoa kelele zinazoziba GPS.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 2:25 asubuhi

IMESHIKA. Kona ya kioo cha mbele, nimeibana kwa gundi ya pande mbili. Ilichukua kama sekunde hamsini:

$GPRMC,051412.00,A,0005.50120,S,03446.08340,E,0.031,,

Lakini saa ni mbaya. Ilikuwa saa mbili na dakika 14 na yenyewe inasema 05:14.

Lanet_Vocha · Jumatatu, saa 2:31 asubuhi

Hiyo ni sawa, GPS inaongea UTC, ile saa ya dunia nzima, sisi tuko mbele masaa matatu. Kwa rauta weka Africa/Nairobi. Utaona imeandika EAT-3 na alama ya kutoa, usiibadilishe iwe kujumlisha, ndivyo inavyoandikwa. Na mwaka? Mwisho wa mstari kuna tarehe tarakimu sita, umeukata.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 2:33 asubuhi

Mwaka ni wenyewe, nimeangalia.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 10:48 jioni

Tatizo lingine. Kijana wetu ameandika skripti inasoma ule mstari inatuma ofisini. Asubuhi ramani imeonyesha gari iko Vihiga na mimi niko nayo stendi ya Kisumu kwa macho yangu. Halafu ikaanza safari, kwa ramani ikawa inakuja kusini kana kwamba inarudi nyumbani, kufika Maseno ikaingia barabarani vizuri na kutoka hapo hadi Busia iko sawa kabisa. Jioni ikirudi, sawa hadi Maseno, halafu inapanda tena Vihiga. Ni setilaiti?

Bukhungu_Kakamega · Jumatatu, saa 10:59 jioni

Si setilaiti, ni ikweta. Maseno ndipo ikweta inapita. Kisumu iko chini yake, Busia iko juu. Risiva imekuandikia herufi S baada ya namba, kijana wako ameitupa hiyo herufi amechukua namba peke yake. Kwa hivyo kila mahali kusini mwa ikweta anapageuza kama kioo hadi kaskazini. Kisumu iko kama kilomita 10 kusini, basi anaiona kilomita 10 kaskazini, na hapo ndipo Vihiga. Kukiwa na S aweke alama ya kutoa mbele.

FundiKibuye · Jumatatu, saa 11:06 jioni

Na mwangalie tena kama amegawanya vizuri. 0005.50120 si digrii 5, ni digrii 00 na dakika 05.50. Hizo dakika anazigawanya kwa 60, inakuwa 0.0917. Na 03446.08 ni digrii 34 na dakika 46.08, inakuwa 34.768. Akisoma 34.46 moja kwa moja gari itahamia kilomita thelathini na zaidi magharibi, huko pande za Seme. Kama Busia inatokea sawa basi hiyo ameifanya, ni herufi tu amesahau. Ama aachane na kusoma mstari kwa mkono, atumie gpspipe -w, gpsd inampa namba zikiwa tayari na alama yake.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatatu, saa 12:40 jioni

Ilikuwa herufi. Mungu awabariki. Sasa inatuma kila sekunde na tunaiona ikitembea kama kwa sinema.

Section58_Mtandao · Jumatatu, saa 1:15 usiku

Punguza. Mstari mmoja ni kama baiti 70, kila sekunde masaa 24 ni MB 6 hivi kwa siku kabla ya kuhesabu mizigo ya VPN juu yake, na hiyo bando ni ya abiria. Tuma kila sekunde 10. Kwa mwendo wa 80 gari inasonga mita 22 kwa sekunde, hivyo kati ya pointi mbili ni mita 220, abiria wa Yala hatateta.

Dunga_Mashua · Jumanne, saa 3:30 usiku

Nimesoma yote nikaona niulize hapa hapa. Niko na kitu kama hicho kwa mashua, rauta ndogo na BU-353, tunatoka Dunga usiku. Mchana ni safi. Lakini kuna usiku, hasa Machi na kama Septemba Oktoba, kuanzia saa mbili hivi hadi karibu saa sita, setilaiti zinapungua kutoka tisa hadi tano, tatu, inapotea, inarudi. Ziwani hakuna bati, hakuna mti. Nimebadilisha waya mara mbili.

Section58_Mtandao · Jumanne, saa 3:41 usiku

Maji yameingia kwa kichwa cha risiva.

Bukhungu_Kakamega · Jumanne, saa 4:02 usiku

Yangeingia maji ingesumbua na mchana pia. Sisi watu wa ukanda wa ikweta tuko na shida yetu. Kule juu kuna tabaka la hewa yenye chaji, jua likizama linachafuka, linafanya mapovu, na ishara ya GPS ikipita hapo inatetemeka kama taa unayoiona kupitia mvuke wa sufuria. Inazidi miezi ile usiku na mchana ni sawa, Machi na Septemba, na miaka jua likiwa na madoa mengi. Waya wako ni mzima. Risiva inayoshika mifumo mingi pamoja inavumilia zaidi, kwa sababu mapovu hayazibi anga yote, zikikatika hizi zinabaki zile.

Dada_wa_Shinyalu · Jumanne, saa 4:06 usiku

Simu.

Dunga_Mashua · Jumanne, saa 4:15 usiku

Simu kwa mashua dada inaingia maji siku ya kwanza. Lakini nimeshukuru, nilikuwa nataka kununua waya wa tatu.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatano, saa 4:50 asubuhi

Wadau gari ya pili tumeweka jana, iko sawa. Ya tatu nilisahau kuwaambia si ya watu 14, ni Isuzu ya watu 33, fundi wa umeme amefungua akasema ni volti 24. Kile kipunguza volti nilichonunua kimeandikwa 12 hadi 5.

FundiKibuye · Jumatano, saa 4:52 asubuhi

USIUNGANISHE. Soma kwanza nyuma yake kimeandikwa mwisho ni volti ngapi, na ukumbuke gari ikiwa imewashwa hiyo 24 inapanda hadi 28. Piga picha uweke hapa.

Bukhungu_Kakamega · Jumatano, saa 4:58 asubuhi

Kwa hiyo moja fikiria tena RUT955. Volti 9 hadi 30.

WaMamboleo_Shuttle · Jumatano, saa 5:10 asubuhi

Nyuma imefutika, naona tu 5V 3A. Nangoja fundi arudi kutoka Kondele na mita yake.